Kidonge Hakifanyi Kazi Chini ya Godoro

Akina mama wa Kariakoo, akina baba, mashangazi, walezi wa kila aina, wenye maduka, na ninyi mnaojaza msikiti wa Mtoro na wa Manyema na makanisa ya mjini kila wiki: nawaomba masikio, na baada ya masikio nitawaomba miguu. Mabinti zetu wanapata mimba wasizozitaka wakiwa bado wanavaa sare za shule. Dawa ya kuzuia jambo hilo ipo mtaani kwetu. Inauzwa, na kwenye vituo vya serikali inatolewa bure. Ila wanaoijua vizuri hawawaambii mabinti, na wanaowaambia hawaijui vizuri. Hapo katikati ndipo watoto wetu wanapoangamia.

Simameni jioni moja kwenye famasi yoyote kati ya Msimbazi na Mtaa wa Congo, saa ile maduka ya nguo yanaposhusha mageti. Binti anaingia. Anangoja wateja wapungue. Akiingia mtu mwingine, anageukia rafu ya mafuta ya kupaka, anajifanya anasoma bei. Mwisho anasogea kaunta na kunong'ona: P2. Muuzaji hamtazami usoni. Kipakiti kinatiwa kwenye bahasha ya kaki, noti inapokelewa, chenji inarudi. Hakuna aliyemuuliza ni lini alikutana na mwanamume. Hakuna aliyemweleza kinachofanywa na kidonge kile na kisichofanywa nacho. Ndugu zangu, hapa Kariakoo mtu hanunui hata chaja ya simu bila kuijaribu kwenye umeme wa muuzaji. Anaichomeka, anaona taa imewaka, ndipo anatoa hela. Lakini mtoto wetu anatoka na dawa ya mwili wake bila kuambiwa neno, anapotelea kwenye msongamano wa watu, na anameza anavyojua mwenyewe.

Naye anajua nini? Anajua alichoambiwa na mwenzake aliye gizani kama yeye. Mmoja kamwambia P2 ndiyo ya kumeza kila mara, haina haja ya nyingine. Mwingine kamwambia hata wiki ikipita bado inafanya kazi. Mwingine kamwambia achemshe majani ya chai mpaka yawe meusi, au anywe maji ya jivu, au ameze vidonge vya malaria kwa mkupuo. Hayo hayazuii mimba, na hilo la vidonge vya malaria linaua. Nani kawafundisha mabinti zetu haya? Tumewafundisha sisi, kwa kunyamaza.

Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, hawakumwacha mwali hivihivi. Binti akivunja ungo alitawishwa ndani, akapewa kungwi, mama mtu mzima mwenye kauli, akamfundisha damu yake, usafi wake, mwanamume ni nani na mtoto anapatikanaje. Siku ya kumtoa mwali, ngoma ilipigwa na mtaa mzima ukajua kwamba huyu sasa ameambiwa. Sisemi yote yaliyofundishwa mle ndani yalikuwa mema. Mengi yalimwandaa kuolewa angali mtoto, na hayo siombi yarudi. Ninachosema ni kwamba mtu mzima aliwajibika, kwa jina lake, kumfundisha binti huyu mmoja. Sisi tumelivunja lile na hatukuweka kitu mahali pake. Tulisema shule itafundisha. Shule ikasema wazazi watafundisha. Mzazi akasema dini itafundisha. Na mhubiri akasimama, akasema zinaa ni dhambi, akakaa.

Ni dhambi, ndiyo! Mimi ni mtu wa imani na sipunguzi hata nukta hapo. Mfundisheni binti kujitunza, na kwa kinywa hichohicho mfundisheni mvulana, maana huyo tunamsahau siku zote. Mwambieni binti kwamba anayo haki ya kukataa leo hata kama jana alikubali. Mwambieni kwamba chipsi kuku si deni. Lakini ukishayasema yote hayo, endelea kusema, kwa sababu hayatoshi. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa 2011, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Watatu katika kumi! Utawahubiria nini hao kuhusu subira? Hawakuulizwa. Binti wa namna hiyo anahitaji mtu mzima wa kumkimbilia usiku uleule, atakayemfikisha hospitali ndani ya saa 72, apate kidonge cha dharura, apate na dawa za kukinga VVU, na polisi wapewe taarifa. Kama hakuzoea kuongea na wewe habari za mwili wake siku za amani, usidhani atakukimbilia siku ya balaa.

Na tusidanganyane kwamba haya ni ya mikoa ya mbali. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba, kwa nchi nzima, wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito. Ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Mwili wa umri huo, ukibeba mimba, una hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya maambukizi baada ya kujifungua kuliko mwili wa mwanamke wa miaka 20 na kidogo. Nendeni hospitali ya CCBRT pale Msasani mkaone wanawake wanaotibiwa fistula, waulizeni walipopata uchungu wa kwanza walikuwa na miaka mingapi.

Halafu, binti akishabeba, tunamfanya nini? Kwa miaka mingi tulimfukuza shule. Juni 2017, pale Chalinze, Rais wa wakati huo alisema hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi darasani. Septemba 2018 matangazo ya uzazi wa mpango yakasimamishwa redioni na kwenye televisheni. Mlango wa shule ukafungwa na mdomo wa redio ukafungwa, na mabinti wakabaki katikati. Tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi, na namshukuru Mungu kwa siku ile. Lakini waraka wa serikali haulei mtoto mchanga. Kurudi darasani na maziwa yakivuja kifuani si jambo la mzaha, na wengi hawarudi.

Nina neno na ninyi mnaoishi kwenye maghorofa ya Kariakoo na mna dada wa kazi ndani. Amekuja kutoka Njombe, kutoka Singida, kutoka Dodoma, ana miaka 16, halali kabla ya saa tano usiku. Umempa funguo za nyumba yako na mtoto wako wa kumbeba mgongoni. Hujampa neno hata moja juu ya mwili wake. Siku tumbo likionekana, unamkatia tiketi, anapelekwa stendi ya Magufuli kule Mbezi na begi lake, basi linaondoka, na wewe unatafuta mwingine. Na katika nyumba nyingine aliyempa mimba ile ndiye anayelipa nauli. Nitasema hili mbele ya yeyote: dada wa kazi ni binti yako kwa muda wote anaokula chakula cha nyumba yako, na utaulizwa habari zake.

Sasa nisikilizeni kuhusu kidonge chenyewe, maana siwezi kuwahimiza kufundisha jambo ambalo hamjafundishwa.

P2 ni ya dharura. Inafanya kazi ikimezwa mapema, ndani ya saa 72, na kila saa inayopita nguvu yake inapungua. Inachelewesha yai lisitoke. Kama mimba imeshatunga, P2 haiitoi na wala haiidhuru. Kwa hiyo wanaoiita dawa ya kutoa mimba wanasema uongo, na binti anayeimeza kwa tumaini hilo anapoteza muda. Anayeifanya iwe njia yake ya kila wiki atavurugika siku zake, na atakuwa amejikinga kwa namna iliyo dhaifu kuliko njia za kawaida.

Vidonge vya kila siku, vile tunavyoviita vidonge vya majira, ni kitu kingine. Kichukueni kipakiti mkononi mkiangalie. Aina iliyozoeleka ina vidonge 28: vyeupe 21 vyenye homoni, na vya kahawia 7 vya madini ya chuma, vya kumfanya asipoteze desturi ya kumeza wakati anapopata siku zake. Nyuma ya kipakiti kuna mishale inayoonyesha pa kuanzia na pa kwenda. Homoni zile zinazuia yai kutoka, na zinaufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito mbegu zisipenye. Hakuna yai, basi hakuna mimba. Hakuna kinachouawa, kwa sababu hakuna kilichotungwa. Akianza ndani ya siku 5 za kwanza za hedhi, amekingwa papo hapo. Akianza siku nyingine, atumie kondomu kwa siku 7 kwanza. Akisahau kimoja, akimeze mara anapokumbuka. Akisahau siku mbili au zaidi, aendelee kumeza, arudie kondomu siku 7, na amuone muuguzi. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, ameze kingine. Na kondomu asiiache hata akiwa hajakosa siku moja, kwa kuwa kidonge hakizuii VVU wala kaswende.

Wanawake 100 wakimeza kila siku bila kukosa kwa mwaka mzima, anayepata mimba hafiki hata mmoja. Lakini wakimeza kama binadamu tunavyomeza kweli, kwa kusahau na kuchelewa, wanafika kama saba. Shikeni hapo, wazazi wangu, maana hapo ndipo mahubiri yangu yote yamesimama! Tofauti ya makundi hayo mawili haitoki kwenye dawa. Inatoka kwenye kumeza kila siku saa ileile. Na ni binti gani atameza kila siku saa ileile, ikiwa kipakiti kimefichwa chini ya godoro analolala na wadogo zake wawili? Ikiwa anangoja mama aende kuoga ndipo akitoe? Ikiwa shangazi akija kulala, siku tatu hakiguswi? Kidonge cha kuficha ni kidonge cha kusahau. Hofu aliyo nayo kwako, mama, ndiyo inayomfikisha kwenye wale saba. Mkono wako ukiwa pamoja na wake, chagueni saa: taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, kidonge na maji. Nyumba nzima inajua saa ile bila kuangalia ukutani.

Najua mnalolisema huko vibarazani. Mnasema vinajikusanya tumboni vikawa donge. Havijikusanyi, vinayeyuka na kutoka mwilini kama chakula, ndiyo maana inabidi vimezwe kila siku. Mnasema vinaua kizazi. Haviui, akiacha, uwezo wa kushika mimba unarudi upesi, na wapo waliojisahau mwezi mmoja wakabeba. Mnasema vinaleta saratani. Hapa nitasema ukweli: vinapunguza hatari ya saratani ya mfuko wa mayai na ya mji wa mimba, na kwa saratani ya matiti hatari huongezeka kidogo kwa anayetumia, kisha hupungua akishaacha. Kichefuchefu, kichwa kuuma, matone ya damu katikati ya mwezi, hivyo vipo, hasa miezi mitatu ya kwanza, na binti aambiwe mapema asije akatupa vyote siku ya nne.

Na wapo ambao vidonge vya aina hii haviwafai kabisa. Mwenye shinikizo la juu la damu. Mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli. Aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, au mwenye ugonjwa mkubwa wa ini. Anayenyonyesha mtoto mchanga. Anayetumia dawa ya kifua kikuu ya rifampisini au baadhi ya dawa za kifafa, maana hizo zinavunja nguvu ya kidonge. Ndiyo sababu nawaambia kliniki na si kaunta. Kule atapimwa presha na kuulizwa maswali. Kule pia ataambiwa kwamba asiyeweza kukumbuka kila siku ana sindano ya miezi mitatu, au kijiti cha mkononi cha miaka kadhaa. Umri mdogo peke yake haumnyimi binti njia yoyote. Shirika la Afya Duniani limesema hivyo waziwazi.

Wauguzi, zamu yenu. Nimekaa kwenye benchi la kliniki moja, sitaitaja, nikasikia binti akiulizwa mbele ya foleni nzima: una mume wewe? Mama yako anajua uko hapa? Aliinuka akatoka, mkoba wa shule ukimpiga mgongoni kwa haraka aliyokuwa nayo. Dada yangu muuguzi, aliyekuja kwako mchana kweupe alikuwa ameshinda woga ambao wewe na mimi hatukuwahi kuushinda katika umri ule. Mwongozo wa taifa wa uzazi wa mpango tangu mwaka 1994 umesema wanaume na wanawake wote wa umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, wawe wameolewa au hawajaolewa, wawe wamezaa au hawajazaa, wana haki ya kupata elimu na huduma. Kazi hii ilianza katika mji huu mwaka 1959, na chama tunachokijua leo kama UMATI, kabla hata ya uhuru. Swali la mume umelitoa wapi?

Masheikh na mapadri, wachungaji na maustadhi, nawaheshimu na nawasihi. Najua Papa Paulo wa Sita aliandika mwaka 1968 kukataza njia hizi, na neno lile halijafutwa. Basi Mkatoliki asiyetaka kidonge amfundishe binti yake angalau mzunguko wake, amwambie siku zipi ni za hatari, kuliko kumwachia ujinga mtupu. Najua wanazuoni wa Kiislamu walijadili kuzuia mimba katika ndoa tangu karne za mwanzo, na Imam al-Ghazali aliruhusu. Mtasema hao wanazungumzia ndoa. Sawa. Lakini mwisho wa mimba hizi nyingi ni chumba cha nyuma na mtu asiye daktari, na binti anatoka humo akivuja damu au hatoki. Pimeni mbele ya Mungu ni lipi zito. Na msiniambie dawa yake ni kumwoza! Mahakama Kuu ilisema Julai 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinakwenda kinyume na Katiba.

Nanyi wanaume wa soko: mawinga, makuli, vijana wa bodaboda, wenye maduka mnaowapa mabinti nauli na vocha. Mimba haijawahi kujipa yenyewe. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inasema miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba. Kidonge hakifuti kosa hilo, na mwanaume anayemnunulia mtoto wa shule P2 ili afiche alilofanya, namwambia hapa kwa maandishi kwamba tunamuona. Mkono wa binti yangu haungelazimika kufika kaunta kama wewe ungekaa na mikono yako.

Muuza dawa, wewe nakuomba dakika mbili tu. Mwite pembeni, muulize ni lini, mweleze saa 72, mwambie hiki si cha kila wiki, kisha mwelekeze aende hospitali ya Mnazi Mmoja au ya Amana. Hela yako utaipata vilevile.

Na wewe mama uliyesoma mpaka hapa huku umebana midomo. Usingoje umuone na mvulana. Usingoje akose siku zake. Kliniki ya uzazi inafunguliwa asubuhi. Funga duka kwa saa moja, mwachie jirani meza, wateja watangoja. Nendeni wawili. Njiani usimpe hotuba, mwambie tu kwamba wewe mwenyewe katika umri wake hukuambiwa na mtu. Mkifika, muuguzi akiwaita, mwache aingie peke yake, wewe ukae kwenye benchi, maana yapo ambayo hatayasema mbele yako na ni lazima yasemwe. Akitoka usimdodose. Muulize ameambiwa arudi tarehe ngapi, uiandike.